Usukani wa Treni Yangu

Huku Rusizi hatuna reli. Mimi, fundi bati wa Kamembe, treni nazionea kwenye simu tu. Lakini nimetengeneza treni ya Japani ya kubeba mafuta, kwa makopo ya tomati: matangi ya kijani, ngazi, hata madoa ya mafuta yaliyochuruzika. Jumapili nikaita majirani nijigambe.

"Hapa hakuna kilichokosewa!"

Mama mkwe, aliyekulia Kigoma penye treni, akainama kuchungulia kwenye kichwa cha treni. Humo nilikuwa nimemketisha dereva wa waya, kashika usukani mzuri kama wa lori.

"Papa Neema," akaniambia kwa upole, batoto wakisikiliza, "treni inafuata reli. Sasa huyu anakata kona aende wapi?"