Moshi wa Dawa kwa Mayai ya Dada Maria

Mtu aliyeanza na kuku wawili akajenga nyumba ya bati hapa Misigiri hashangazwi na kitu, na mtu huyo ni mimi. Ndivyo nilivyojisifu asubuhi ile nikipanda lori kwenda Singida. Vifaranga wa mashine yangu ya kuangulia mayai, ile ya mafuta ya taa, walikuwa wamekufa kwa kuharisha, nikasikia bwana mifugo ana dawa ya kufukiza mayai. Dada yangu Maria, mjane, alikuwa ameniahidi mayai ya kuku wake watatu. Vifaranga wa mayai hayo ndio wangemlipia ada mwanawe Yohana.

Saa nne tulipita Iguguno, saa saba nikashuka mjini. Bwana mifugo, kijana wa kaptura iliyonyooshwa vizuri, aliniamkia shikamoo, akanipa dawa mbili: chupa ya formalini na chembe za rangi ya zambarau.

"Ukizichanganya zinatoa moshi mkali, unasafisha maganda. Lakini fukiza siku ya kwanza tu, mzee. Ya pili mpaka ya nne usithubutu. Kifaranga ndani bado mchanga, atakufa."

"Kijana, nimefuga kuku kabla hujaota meno."

"Sawa, mzee. Na kuhesabu ulianza lini?"

Watu pale wakacheka. Nikacheka nao, nikatoka.

Kesho yake jioni nilishukia kwa Maria. Nikayatoa mayai thelathini na sita chini ya kuku, yana joto, nikayapanga kwenye kikapu cha pumba. Kuku wakanifuata wakilia mpaka njiani.

"Kaka, hawa wamelalia siku tatu sasa."

"Mashine haijui habari za kuku. Yanaingia leo, basi leo ndiyo siku ya kwanza."

"Haya, wewe ndiye unayejua."

Nikayapeleka nyumbani, nikayaweka mashineni, nikafukiza. Siku ya ishirini na mbili hakuna yai lililolia. Nilivunja moja mbele ya Maria, kisha jingine: maji yaliyooza na duara la damu, jembamba kama uzi, alama ya kifaranga aliyekufa angali mchanga. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ningewaacha kwa mama zao, wangetoka?"

Nikasema ndiyo.

Siku za yai huhesabiwa tangu lipate joto, liwe la mashine au la kuku. Jambo hilo nililisafiria mpaka Singida, nikaambiwa, nikarudi nyumbani bila kulielewa. Yohana alikosa muhula mzima wa shule, mpaka nilipouza mbuzi wangu nikamlipia. Ada, blanketi na nauli yake: shilingi themanini na saba na senti hamsini.