Panya Sita wa Safu ya Chini

Katika jengo lile la utafiti walimwita Mama Panya, naye hakulikataa jina, maana panya ndio waliomsomeshea watoto. Kwa miaka kumi na tisa aliwalisha, akawapima uzito, akawabadilishia maranda, na kuandika yote daftarini kwa mwandiko wa kusimama. Kila asubuhi, kabla panya yeyote hajaingizwa kwenye sanduku la majaribio, aligusa fito za chuma za sakafuni kwa mgongo wa mkono, ahakikishe kwamba shoti ya umeme inafika. Ilikuwa shoti ndogo, kama mwiba butu. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Jaribio halikuwa gumu kulieleza. Panya akibonyeza kitufe, hupata tone la maji ya sukari. Akishazoea, siku moja utamu huja pamoja na shoti miguuni. Wengi huacha. Wachache huruka, hulia, kisha hurudi kubonyeza. Daktari, mkuu wa maabara, aliitafuta siri ya hao wachache katika dopamini, kemikali ya ubongo ambayo, kama alivyopenda kusema, si utamu wenyewe bali ni ule msukumo wa kuufuata utamu hata unapokuponza.

Jumatatu hiyo Mama Panya alirudi kutoka likizo ya wiki mbili, alikokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikuta maabara nzima inachekelea. Kati ya panya kumi na wanane, sita wametokea kuwa sugu, na Alhamisi wangeuawa ili bongo zao zipimwe. Akauliza ni sita gani. Akaambiwa wa sanduku la kumi na tatu hadi la kumi na nane, yaani safu yote ya chini.

Damu ikaanza kumchemka. Tangu lini panya wakapanga foleni ili wawe sugu?

Alichuchumaa, akawasha mashine, akagusa fito. Kimya. Kati ya fito, mavi na mkojo vilikuwa vimeganda kama saruji. Shoti ilipita kwenye uchafu kutoka ufito hadi ufito, miguu ya panya ikasalimika. Kibarua aliyemshikia nafasi alikuwa mtu mrefu, na yaelekea mgongo wake haukuumbwa kwa ajili ya kuinama.

Daktari alipoelezwa alisema mashine inaonyesha umeme unatoka. Mama Panya akamjibu kwamba kutoka si kufika.

“Mama, wewe tunza panya,” Daktari akasema. “Sayansi tuachie sisi.”

Aliyasema kwa upole, huku akitabasamu. Afadhali angetukana.

Nyumbani, mumewe, fundi wa kupaka rangi, alimshauri aache kujipa presha. Panya ni panya, wafe leo, wafe Alhamisi.

“Kwani nalilia panya mimi?” akamjibu. “Nimewaua wengi kuliko siku za ndoa yetu, baba. Lakini sijamuua hata mmoja kwa ajili ya uongo.”

Mume akarudi kwenye sahani yake. Aliijua sauti ile.

Jumanne alizisugua fito kwa brashi na siki mpaka kucha zikauma. Jumatano akawaingiza wale sita, akawasha mashine, akaketi na daftari lake. Kufikia adhuhuri watano walikuwa wamejikunyata pembeni. Walibonyeza mara mbili tatu, wakaonja shoti, wakasusa. Wa kumi na sita peke yake ndiye aliyeruka akarudi, akaruka akarudi. Sugu wa kweli alikuwa mmoja.

Alipopelekewa karatasi ya matokeo, Daktari aliwaka. Nani amemruhusu kuchezea jaribio? Muhtasari wa utafiti umeshatumwa kwenye mkutano wa wanasayansi, na mchoro wa panya sita umo! Hao watano wamechoka tu.

Mama Panya alisubiri amalize.

“Daktari, panya watano wameumia asubuhi moja, wakaacha. Wewe tangu Jumatatu ukweli unakupiga, na bado unabonyeza.”

Alhamisi asubuhi, Daktari alimpelekea daftari la kutolea wanyama. Sheria ya jengo ilitaka mtunzaji athibitishe kwa sahihi kwamba vifaa vilikuwa vizima. Bila hiyo mnyama hatoki. Mahali pa sahihi palikuwa pamewekewa alama ya penseli, kana kwamba Mama Panya hapajui.

Akaandika: “Fito za sanduku 13 hadi 18 zilikuwa chafu wiki mbili zote. Shoti haikufika. Zimesafishwa Jumanne, panya watano wameacha kubonyeza.” Akatia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Kurasa za daftari lile zina nambari. Huwezi kuchana ukurasa mmoja ukafichika. Saa nne mpimaji wa bongo alikuja na ndoo yake ya barafu ya kuzihifadhia, akasoma, akamtazama Daktari, akaondoka na barafu yake.

Mchana ikafika barua ya onyo: kuingilia utafiti, kutoheshimu wakubwa. Mama Panya aliisoma amesimama. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuwawekea chakula panya sita wa safu ya chini.