Nukta Mbili za Geti la Kina Mwanaidi

Haya sogeeni, na wewe wa kahawa punguza kelele za vikombe, niwape aibu yangu kwa mdomo wangu kabla hamjaipata kwa watu wa Mtopanga, maana wao hutia chumvi, mie (wallahi) naisema kama ilivyokuwa, ila pale itakapohitaji kukolezwa kidogo.

Mie fundi wa kuchomelea vyuma, shule sikuijua, lakini chuma kikipiga chafya nakisikia. Basi mzee Athmani akanipa kazi ya geti nyumbani kwake, na siku zote tatu bintiye Mwanaidi ndiye aliyeniletea maji ya ndimu, anaweka gilasi, anauliza, "Fundi, huo moto haukuunguzi?" nami najibu, "Huo bado," na jasho linanitoka hata kivulini. Siku ya tatu nikajiuliza, nikimaliza hapa nitarudi kwa sababu gani? Sasa sikieni ujinga. Geti ukilitia kwenye nguzo, kwanza unazipiga bawaba nukta za moto, za kushikiza tu, ukiona limekaa sawa ndipo unachomelea mzunguko mzima. Mie nikapiga nukta mbili kila bawaba, nikapaka rangi juu, nikaenda zangu. Litalegea baada ya wiki, nitaitwa, nitamuona.

Wiki ikapita, mwezi, miezi minne, simu kimya (nalala nayo kifuani, ikilia ni mama anauliza kama nimekula). Nikipita naliona geti limesimama kama askari, nikaanza kulaani mkono wangu kwamba nukta zake zina nguvu kuliko za watu wengine. Nikakonda mpaka kanzu ikawa inatembea peke yake.

Mwisho nikamtuma Ami Salim, ndugu wa babangu, akaniposee. Desturi mposaji mwenyewe haendi, lakini moyo ulinishinda, nikajibanza dukani ng'ambo ya njia na kanzu yangu nyeupe. Watu ndio wanatoka kuswali alasiri, njia imejaa. Ami, na mwili wake ule wa watu watatu, akafika, mchanga umemuingia kiatuni, akalishika geti ili ainue mguu.

Geti likalala chini, Ami juu yake, kofia imefika Bombolulu.

Mzee Athmani akatoka, wala hakumuinua mtu, akaliangalia geti. "Muiteni Kombo aliyelitengeneza."

Mwenye duka akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa, kajificha nyuma ya gunia la mchele."

Nikavuka, nikatoa shikamoo, haikuitikiwa. Mzee akainama, akakwaruza rangi ya bawaba kwa ukucha. "Kombo, hapa palichomelewa?"

"Palishikizwa tu, mzee."

"Ulisahau?"

Ningesema ndiyo, yakaisha. Nikasema, "Nilitaka niitwe tena."

Watu wakacheka hadi mmoja akakaa chini mchangani. Mzee hakucheka. "Mtu anayeacha kazi nusu makusudi mlangoni pangu, mwanangu simpi. Lichomelee, kisha mwende kwa salama."

Nikavua kanzu, nikaleta mashine yangu, nikachomelea mzunguko mzima, na maji ya ndimu sikuyaona. Mwanaidi akaolewa Mtongwe mwaka ule ule. Tangu hapo hata jiko la mkaa naliunga kama meli, na mtu nikitamani kumuona naenda nabisha hodi, singoji kitu kivunjike.

Lakini kilichonimaliza ni bibi yake Mwanaidi, aliyenikuta siku ile ile nakusanya vifaa vyangu, akanitazama kwa huruma mpaka nikatamani anitukane. "Geti hili lililegea wiki ya kwanza, mwana. Mwenzio Mwanaidi miezi minne akizifunga bawaba waya kwa ndani, babake asijue, na mimi nikimwambia aite fundi, akinijibu, 'Yule ana miguu, atakuja mwenyewe.' Leo kusikia ami yako anakuja kumposa, ndio kaufungua huo waya, wakwe wasije wakauona wakaijua aibu yako."