Susa ya Nyumbani Kwangu, Midomoni mwa Wengine

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Galbet, mtaa wetu wa Garissa, ambayo nikiikumbuka hadi leo shingo yangu inapata joto. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori kutoka Mandera, vumbi mpaka kwenye kope. Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ile malori yalipokuwa yakisafiri kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, na mimi nilikuwa utingo kijana, mwenye mke wa mwaka wa kwanza. Badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani niliingia hotelini kwa chai, maana nilipenda watu wanione nimerudi.

Wanaume wa mtaa walikuwa wamejaa meza ya pembeni, na katikati yao alikaa Noor, fundi wa redio, kapera mwenye shati safi siku zote. Alikuwa anasimulia, macho ameyafumba nusu.

"Ile ya juzi, wallahi, ukiimeza inashuka polepole, halafu moshi unarudi puani kama mtu aliyesahau kitu."

"Usinikumbushe," mwenzake akajibu. "Mimi nilifika chombo kimeshafunikwa kichwa chini."

Nikauliza ni kitu gani hicho. Wakatazamana, kisha wakacheka, na muuza chai naye akacheka.

"Waryaa, anatuuliza sisi!" Noor akasema. "Susa ya mke wako, walaal, ndugu yangu. Galbet nzima inaijua, imebaki wewe tu."

Huenda wewe umekulia mjini na susa hujaionja. Ni maziwa ya ngamia yanayolazwa katika chombo kilichofukizwa moshi, yakakaa mpaka yakawa mazito na machachu kidogo, na yakawa na uhai ndani yake. Dekha, mke wangu, aliilaza katika dhiil, chombo cha mizizi iliyosukwa, alichopewa na mama yake Mandera siku tulipooana. Alikifukiza kwa makaa ya mgunga, akamimina maziwa, akakiweka pembe ya nyumba palipo na ubaridi. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza, wala kukaa karibu nacho akichezesha miguu. Susa ilipokuwa tayari, alifungua dirisha la upande wa barabara, na watu wakaja na vikombe vyao.

Nilijua anauza. Mara kadhaa niliinywa pia, na sikuona cha ajabu. Nikifika mapema ilikuwa maziwa yaliyoanza kuharibika. Nikichelewa ilikuwa kali, inakunja ulimi. Nilidhani watu wananunua kwa sababu ya njaa. Kumbe kulikuwa na raha ndani ya nyumba yangu, na kila mwanaume wa mtaa alikuwa ameipata, na mimi nilikuwa nimeipita mlangoni nikienda na kurudi.

Chai yangu sikuimaliza. Nilimtazama Noor, nikaona kwamba hata jinsi alivyopangusa sharubu zake ilikuwa kama anapangusa kitu changu.

Nyumbani nilimkuta Dekha anapepeta mchele. Sikumsalimu vizuri.

"Kwa nini fundi wa redio anaijua susa ya nyumba hii kuliko mimi?"

Aliweka ungo chini. "Kwa sababu anakuja siku inapokuwa tayari."

"Na mimi mumeo huniwekei?"

"Nakuwekea kila mara. Inakungoja, halafu inapita. Unafika kesho yake, unanusa, unasema nimekupa maziwa mabovu." Kisha akacheka kidogo. "Ama unataka nimwambie ngamia aulize ratiba ya lori?"

Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Mwanangu, mtu mwenye wivu hutafuta neno la kumkasirikia mwenzake, na asipolipata hulitengeneza. Nilimwambia kuanzia siku hiyo dirisha lisifunguliwe. Susa ya nyumba yangu haitaingia tena mdomoni mwa mwanaume mwingine. Dekha hakubishana. Alinitazama tu kama mtu anayesoma kibao cha barabara asiyoijua.

Asubuhi iliyofuata msafara ulikuwa unaondoka. Pembeni, dhiil ilikuwa imejaa. Maziwa yalikuwa yamelazwa siku iliyotangulia, na yalihitaji kutulia hadi kesho yake. Nilijua nikiondoka tu, Noor atapita na kikombe chake, na Dekha ana huruma. Basi nikakibeba chombo chote.

"Hakijafika," Dekha akasema. "Na hakisafiri hicho. Kimimine nusu, niachie yangu."

"Kitafika njiani."

"Bare, hicho ni cha mama yangu."

Nikafunga mfuniko kwa mpira wa tyubu, nikavuta fundo mpaka likalia, nikaenda zangu. Sikugeuka, ingawa nilijua amesimama mlangoni.

Dereva wetu alikuwa Mzee Gedi, mtu wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliona nimepakata dhiil kama mtoto mchanga.

"Huyo ni nani tena?"

"Susa, adeer," nikasema, yaani ami.

"Kwa barabara hii?" Akatikisa kichwa, akaingiza gia.

Unaijua barabara ya Wajir. Siku hizo ilikuwa mbaya zaidi. Lori liliruka, jua likapanda, na mimi nilikumbatia chombo nikijipongeza moyoni kwamba saa hii Noor yuko dirishani na kikombe kitupu. Nilianza kusikia kitu kinaguna ndani. Nikadhani ni injini. Kabla hatujafika Habaswein tulipiga shimo moja kubwa, na mfuniko ukaruka kama risasi. Ulipiga paa la lori, na susa ikafuata: kwenye kioo, kwenye usukani, ndani ya sikio la Mzee Gedi, kwenye ndevu zake alizokuwa amezipaka hina juzi tu.

Alisimamisha lori. Askari wa nyuma walishuka mbio na bunduki wakidhani tumeshambuliwa, wakatukuta tunachuruzika maziwa.

"Nani kapigwa?" mmoja akauliza.

"Heshima yangu," Mzee Gedi akasema, akitoa susa sikioni kwa kidole. Kisha, mwanangu, akakiweka kile kidole mdomoni. "Astaghfirullah. Ungeiacha hii nyumbani siku moja tu!"

Hata yeye! Nimelowa, nimeaibika mbele ya askari, na bado nilimwonea wivu mzee wa watu kwa tone lililotoka sikioni mwake.

Tulipofika kisimani aliniambia nisafishe lori mpaka harufu iishe. Nilisugua kila kitu kwa sabuni ya unga, na nilipomaliza lori nikaisugua na dhiil, ndani na nje, kwa mchanga na sabuni, nikaisuuza mpaka maji yakatoka safi. Nilijiona nimefanya jambo jema, kwamba Dekha ataona chombo chake kinang'aa na hasira zitapungua.

Mzee Gedi alikuja nikikianika juani. Alikinusa, akakaa kwenye jiwe.

"Waryaa Bare. Nani alikuambia ukioshe hivi?"

"Kilikuwa kinanuka, adeer."

"Kilikuwa kinanuka susa. Unajua mkeo anaanzaje maziwa mapya? Anayaanza na yaliyobaki kwenye mizizi, na mama yake alianza hivyo hivyo. Wewe umekiua." Aliongea polepole, bila kunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekuendesha barabara hii mwaka mzima. Kila tukifika Garissa unaulizia msafara ujao kabla hujavua viatu. Halafu unawachukia waliokaa. Nani kakunyang'anya nini? Wao walikuwepo tu."

Safari yote ya kwenda Mandera na kurudi sikuimba hata wimbo mmoja. Mandera nilipita nyuma ya soko nisionane na mama mkwe.

Dekha alikipokea chombo. Aliingiza mkono, akaunusa mkono. Akakaa chini, palepale mlangoni, akakipakata. Nilitegemea matusi. Ningeyapenda matusi.

"Umekiosha," akasema.

"Nitakununulia kingine."

"Kingine kiko wapi? Wanachuuza cha mama yangu sokoni?" Akafuta uso kwa ncha ya shungi. "Naenda Mandera na msafara ujao. Mama ana mbegu, susa yake ya kuanzia. Nikifika huko sijui nitarudi lini, Bare. Sijui."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa hatarini, na hakikuwa maziwa. Nilimuuliza kama hakuna mbegu mahali pengine, karibu.

"Labda kwa Noor," akasema. "Alikuwa na tabia ya kuweka kikombe kimoja, anywe asubuhi yake. Lakini mimi siendi. Umenikataza kumfungulia dirisha, sasa nikamgongee mlango?"

Kutoka nyumba yangu hadi duka la Noor ni mwendo wa kuvuka barabara na kupita msikiti. Sijawahi kutembea mbali kama siku ile, na mimi nimefika Moyale, nimefika Juba, nimelala Isiolo kwenye mvua. Noor alikuwa ameinamia redio. Aliniona, akaweka bisibisi chini.

"Nasikia mmefunga dirisha," akasema.

"Nimefunga mimi. Nimekuja kuomba susa, kama unayo. Kidogo tu ya kuanzia."

Nilingoja acheke. Alikuwa na haki ya kucheka, na meza nzima ya hotelini ingelisikia kabla ya adhuhuri. Badala yake akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati kilichofunikwa kitambaa.

"Imekuwa kali sana, lakini iko hai. Nilikuwa naongeza maziwa kidogo kidogo isife." Akanipa, halafu akashindwa kujizuia. "Ishike sawasawa, walaal. Nasikia ukiishika inalipuka."

Nilirudi nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Dekha alikifukiza chombo upya, tena na tena, mpaka harufu ya sabuni ikashindwa. Akamimina maziwa, akatia ile ya Noor. Msafara uliofuata ukapiga honi barabarani. Mzee Gedi alipunguza mwendo mbele ya nyumba, akaniona nimekaa kizingitini, akapunga mkono bila kusimama. Kijana mwingine alikuwa amekaa mahali pangu kando ya dereva, na wivu ukanishika tena, mwanangu, sikudanganyi. Miguu yangu ilikuwa tayari imesimama. Nikaikalisha.

Siku ilipofika Dekha aliweka sikio kwenye chombo, akasikiliza, akaniita. Alinimiminia kikombe. Ilikuwa nzito bila kuwa mzigo, baridi ya pembeni ya nyumba imo ndani yake, uchachu unagusa pande za ulimi na kuondoka kwa adabu, halafu moshi wa mgunga unakuja mwisho, polepole, puani. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Dekha alikuwa ananiangalia mimi badala ya kikombe, na hakuwa amefunga mzigo wake.

"Basi fungua dirisha," nikamwambia.

"Fungua wewe."

Nikafungua. Wa kwanza alikuwa Noor. Nikamjazia mpaka ukingoni, na mkono wangu ulikataa kidogo, lakini nikamjazia.

Sijapona kabisa. Nimezunguka miaka mingi baada ya hapo, kwa kuwa ndivyo nilivyoumbwa, na Dekha amenivumilia. Na hata leo nikimwona mtu amefumba macho juu ya kikombe kilichotoka nyumbani kwangu, kitu kinanichoma. Tofauti ni kwamba siku hizi najiuliza swali la Mzee Gedi, nani kakunyang'anya nini, kabla sijauliza langu. Nawe ukimwonea mtu wivu kwa raha iliyotoka kwako, usikimbilie kufunga mlango wala kubeba chombo ukatoroka nacho. Jiulize kwanza ulikuwa wapi ilipokuwa tayari. Vipo vitu visivyokubali kuharakishwa wala kufuatana na wewe safarini. Ukivitaka, kaa navyo. Na ukiharibu, nenda ukaombe, hata kwa yule usiyetaka kumwona.

Mungu akupe nyumba yenye kitu cha kungojewa, mwanangu, na akupe miguu itakayokubali kukingoja. Amin.