Jina la Kwanza Kwenye Fomu

Pale hospitalini walimwita Bwana Klorini, na mwenyewe alishazoea kuitikia. Miaka mitatu nyuma, ugonjwa ulipoingia mjini, ndiye aliyepiga deki wodi ya waliotengwa wakati wenzake wanaomba ruhusa za ghafla. Ugonjwa ukaisha, hofu ikabaki. Mama yake alipofariki siku zilezile za ugonjwa, mdogo wake alimpigia: "Kaka, usije mazishini. Utatumaliza." Hakwenda. Tangu hapo hawakusemezana, na majirani nao wakaendelea kumsalimia kwa mbali, kwa kidevu.

Sasa hospitali ilikuwa ikifanya zoezi la kujiandaa na mlipuko mwingine. Alitakiwa mtu wa kuigiza mgonjwa, wakamchukua yeye kwa kuwa hakatai kitu. Wakamlaza nyuma ya kamba nyekundu, nesi akashika fomu.

"Taja watu uliokaa nao kwa karibu ndani ya wiki mbili hizi. Wa kweli, tuwatafute."

Klorini akakuna kichwa. Alikuwa amekaa na ndoo na mopu.

"Jamani baba, hata mmoja? Utatuharibia zoezi!"

Akamtaja mdogo wake. Ulikuwa uongo mtupu, ila namba aliijua kwa kichwa.

Kila simu ilitakiwa ianze na maneno "hili ni zoezi". Nesi, kwa haraka zake, akayaruka: "Kaka yako amelazwa, wodi ya kutengwa." Klorini alisikia. Akanyamaza, kwa sababu alitaka kujua kama yupo wa kuja.

Nusu saa haikuisha. Mdogo wake aliingia mbio, kandambili mguu mmoja, akataka kuruka kamba. Mlinzi akamdaka.

"Niache! Kaka, nisamehe! Nilikunyima kumzika mama!"

"Siumwi," Klorini alisema. "Ni zoezi. Nilisikia nesi amesahau kukwambia, nikanyamaza."

Mdogo wake alimtazama, hasira zikampanda. "Yaani unanichezea kwa jambo kama hili?"

"Ningekupigia mimi, ungepokea?"

Filimbi ya kumaliza zoezi ikalia, kamba ikafunguliwa. Klorini akakunja miguu kumwachia nafasi kitandani, lakini mwenzake hakusogea.

"Namba yako ni ileile?" mdogo wake akauliza.

"Ileile."

"Nitapiga." Akaondoka, mguu mmoja peku.

Kesho yake Klorini alipiga deki na simu mfuko wa kifuani, na kila mara alifunga bomba la maji ili asikilize kama inaita.