Nyumba ya Mama Firmini Ndani ya Kompyuta

Kilichonitoa Dar es Salaam ni mama mmoja aliyekataa nyumba yake ivunjwe. Mwanawe, Aloyce, muuza vipuri vya magari, alitaka kubomoa nyumba ya zamani kwao Masama, upande wa Moshi, na kujenga ya kisasa palepale kabla ya Krismasi, wakati ukoo mzima unapopanda kwenda nyumbani. Mama akasema hapana. Aloyce alipokuja ofisini kwetu kuchorewa ramani, akaziona kompyuta zetu mpya na akapata wazo.

Miaka hiyo ndiyo kwanza tulikuwa tumezisukuma meza za kuchorea ukutani na kuanza kuchora kwa kipanya. Programu tuliyoletewa haikuishia kwenye mistari. Iliisimamisha nyumba nzima, ikaipa madirisha na jua, kisha ikakuruhusu utembee ndani yake chumba kwa chumba, ukiwa umekaa kitini. Mimi niliipenda mno, na nilijiona fundi kweli kweli.

"Nenda ukamwonyeshe mama," Aloyce aliniambia. "Akiona mwenyewe atalainika. Tena uweke na watu wetu humo ndani, isiwe nyumba tupu." Kesho yake akanipa bahasha ya picha za familia. Kwenye picha moja ya harusi nilimwona kijana mwembamba mwenye suti iliyompwaya, anatazama kamera, na miguu yake inaonekana yote. Huyo alinifaa. Nilimkata, nikambandika sebuleni kwenye mchoro. Watu wa namna hiyo huwa ni picha bapa tu, kwa hiyo programu huwageuza wakuelekee popote unapokwenda, usije ukawaona ubavuni wamekuwa wembamba kama kadi. Sikuuliza kijana ni nani.

Moshi nilifika jioni, mwezi wa Julai, na mimi ni mtu wa joto. Nilikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili katika nyumba ya wageni karibu na stendi na bado meno yaligongana. Mlima wenyewe sikuuona. Mhudumu alicheka akasema msimu huu hata wao huwa wanaambiwa tu kwamba upo.

Asubuhi nikapanda basi, nikashuka Kwa Sadala, ambako Restituta, dadake Aloyce anayeishi na mama yao, alikuwa akinisubiri sokoni kati ya mikungu ya ndizi. Tulikuwa karibu rika moja, naye hakuchelewa kunitania.

"Kwa hiyo nyumba yetu umeileta kwenye hilo begi?"

"Yote, hadi choo."

"Haya, shika vizuri usije ukatuvunjia."

Tulipanda kwa pikapu ya jirani yao. Kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyotufunga, hadi migomba ya kando ya barabara ikawa inatokea ghafla na kupotea. Hapa na pale niliona visiki vya mibuni iliyokatwa, maana bei ya kahawa ilikuwa imewakatisha watu tamaa. Sauti pekee iliyotufuata ilikuwa ya maji ya mfereji, ambayo sikuyaona hata mara moja.

Hapo ndipo Restituta aliponieleza ambacho Aloyce hakunieleza. "Mama hana shida na nyumba mpya. Shida ni kaka yetu mkubwa, Firmini. Alikwenda machimboni kutafuta mawe ya thamani nikiwa darasa la tatu. Hakurudi, na hakuna aliyetuletea habari yake, mbaya wala nzuri. Mama anasema tukivunja, siku akirudi atajuaje kama hapa ni kwao?"

Nyumbani kwao tulifika saa za mchana, lakini chini ya migomba kulikuwa na giza la magharibi. Nyumba ilikuwa ya mawe, mabati yamekula kutu. Mama alitoka na rozari mkononi, na jirani aliyepita akamsalimia: "Shikamoo, Mama Firmini." Miaka yote hiyo, bado wanamwita kwa jina la aliyepotea.

"Shikamoo, mama," nami nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na baridi yetu. Ingia ule kwanza."

Nilikula kiburu cha moto, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, mpaka mikono ikarudiwa na damu. Kupitia dirisha niliona masale, yale majani marefu ambayo Wachagga huyapanda mipakani na penye makaburi. Pale palikuwa na kaburi moja, la baba. Kando yake paliachwa nafasi ya kaburi jingine, pamefagiliwa, hapajapandwa kitu.

Nikafungua kompyuta juu ya meza. Betri ilikuwa imejaa. Mwanga wa kioo cha kompyuta ukampiga mama usoni, nami nikamtembeza: baraza, korido, jiko.

"Mbona kimya hivi?" akauliza. "Nyumba haina hata moshi."

"Ni mchoro, mama. Twende sebuleni."

Tukaingia sebuleni. Kijana wa suti alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nilimsikia Restituta akivuta pumzi nyuma yangu. Mama aliinama karibu na kioo, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili:

"Firmini."

Nikasukuma kipanya haraka nimtoe mama pale, nikazunguka upande wa pili wa meza iliyochorwa. Kijana akageuka akatuelekea. Nikarudi kushoto, akageuka tena. Najua kwa nini hugeuka. Hata hivyo, niliogopa.

"Mmempata wapi?" mama akauliza.

"Mama, nisamehe. Ni picha tu, ya harusini. Mashine ndiyo inayomgeuza. Sikujua ni yeye."

Mama alikuwa akitazama miguu ya kijana. "Hana kivuli."

"Vivuli nimevizima mimi, mama. Vinaichosha mashine."

"Viwashe."

Nilitamani kukataa. Nikaviwasha. Kioo kikawa cheusi, mashine ikakoroma, kisha picha ikarudi polepole kutoka juu kwenda chini. Meza ilipata kivuli chake. Kiti pia, na chungu cha maua. Kijana alibaki vilevile, sakafu chini yake nyeupe.

Nilimweleza mara mbili kwamba programu hutoa vivuli kwa vitu vilivyojengwa ndani yake tu, na huyu nilimbandika.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Lakini nimemwomba Mungu miaka mingi anionyeshe mara moja tu, nijue moja, yu hai au amekufa. Amenionyesha."

"Mama, mashine haijui lolote."

"Na wewe hukujua. Lakini ukamleta."

Mama alitoka nje, akakata tawi la isale mpakani, akalichimbia mwenyewe kando ya kaburi la mumewe. Restituta alipojaribu kumsaidia, alimwondoa mkono kwa upole. Nililia, sioni aibu kusema.

Kesho yake asubuhi mama alinipa majibu ya kumpelekea Aloyce. "Vunjeni. Ila msiguse pale." Nikapima kiwanja, nikausogeza mchoro mbali na pale, nikaanza kuteremka ukungu ukiwa bado haujaondoka.

Dar, Aloyce alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akasema picha zilikusanywa na mkewe, ambaye hakuwahi kumwona Firmini. Akaomba aone. Nikafungua mchoro, naye akasogeza kiti huku na huku mbele ya kioo, kama anayejaribu kumkwepa mtu, ingawa bila kipanya kijana hakuweza kugeuka. Bado aliniuliza, "Ananiona?" Kisha akaniambia nimfute, nikamfuta.

Sasa kabla ya kumbandika mtu yeyote kwenye mchoro huuliza kwanza yuko wapi. Wenzangu ofisini hucheka. Nyumba ya Masama ilijengwa na ni nzuri, nimeambiwa. Lakini lile isale lilipandwa kwa sababu ya kivuli ambacho programu yangu haikuweza kuchora, na hadi leo hakuna anayejua kama mama yule aliagana na mfu, au na mtu aliye hai.