Benchi la Marahaba

Kituo cha afya tunakotibiwa kina chumba cha vijana. Mlango umepakwa rangi ya buluu, na juu yake wameandika kwamba vijana wanakaribishwa na siri zao zitatunzwa. Maneno matamu hayo! Ila kukifikia chumba hicho lazima upite mbele ya benchi refu la kina mama wanaosubiri kupimwa presha, na hapa Songea mtoto aliyelelewa hapiti mbele ya watu wazima kimya. Anainama kidogo na kutoa shikamoo, mmoja baada ya mwingine. Na wanaoamkiwa hawaishii kwenye marahaba. Wanauliza baba hajambo, kisha wanauliza unaumwa nini.

Binti wa kaka yangu anasoma chuo na anakaa kwangu Mjimwema. Ni mtu mzima sasa, ana miaka ishirini. Baba yake analima mahindi Maposeni, na siku aliponikabidhi alisema, "Dada, huyu ni wako." Kwa hiyo nilipomwona akipanda bodaboda anauma meno kila wakipita kwenye shimo, huku ameshika tumbo la chini, sikungoja kuambiwa na jirani.

"Malaria tu, shangazi," akasema.

Malaria gani isiyo na homa? Nikamkalisha jikoni, nikambana kwa upole na kwa ukali, mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na maumivu na kutokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni tangu mvua za mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kituoni.

"Nilikwenda, shangazi. Nilibakiza hatua chache nifike mlangoni. Yule mama wa jumuiya yetu ya kanisani alikuwa benchini, akaniuliza naumwa nini. Nikasema malaria. Basi akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe kwenye foleni ya kupima."

Wakamtoboa kidole, hana malaria, wakampa panadol. Akarudi wiki nyingine. Benchi lilikuwa na mama mwingine mwenye huruma zake, na mtoto wangu akapimwa malaria tena! Baada ya hapo akaenda duka la dawa, akanunua vidonge, akagawana na rafiki yake mwenye shida kama yake. Nilisikiliza mpaka maharage yakaungua jikoni. Nilikuwa na hasira ya kupasua sufuria, na haikuwa hasira ya kumkasirikia yeye.

Kesho yake tulikwenda wote. Getini nikamwambia, "Leo humwamkii mtu. Macho mbele."

"Watasema, shangazi."

"Waseme."

Tukapita. Nyuma yetu mtu akasonya. Ndani tukamkuta nesi kijana, kwa umri ni kama dada wa binti tu. Mlango ukiwa wazi akauliza kwa sauti ya sokoni, "Umeolewa?" Binti akasema hapana. "Sasa haya umeyapata wapi?"

Niliinuka nikaufunga ule mlango wao wa buluu mwenyewe. Nikamwambia huu ugonjwa hauulizi cheti cha ndoa, kwa nini yeye aulize? Akashusha sauti, nakiri, na kazi yake akaifanya vizuri. Akatupeleka kwa daktari. Daktari akasema maambukizi yamepanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Dozi itayaondoa, lakini kama ataweza kushika mimba siku za mbele, hilo hawezi kuahidi.

"Mngemleta mapema," akasema.

Mapema! Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, na nyinyi mkamtafutia mbu. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akaangalia karatasi zake. Akasema na mpenzi wake lazima atibiwe. Kijana mwenyewe alipopigiwa simu alijibu kwamba yeye haumwi popote, akakata.

Jioni yule mama wa jumuiya akabisha hodi. Nikajua kaja kumjulia hali mgonjwa, nikamwekea chai. Akanywa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Nimekuja kwa wema, jirani. Mtoto katupita leo bila salamu, wanawake wazima tumekaa pale. Mfundishe adabu. Huyu kesho ni mama wa watu."

Nilitaka kumjibu. Ila huyo mama wa watu alikuwa nyuma ya pazia, na alikuwa amesikia. Akatoka taratibu, mkono mmoja tumboni, akapiga goti pale pale sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ehe, hayo ndiyo malezi. Kumbe mgonjwa? Unaumwa nini?"

Aliniangalia mimi kwanza.

"Malaria," akasema.

Yule mama akampa pole, akamsisitiza amalize dozi.